Bernardine Apeleka Jogoo Sange

"Mama Mathieu, Noeli ngapi weye umekula mchele ya bamukwe bako? Na bao, bamekula nini ya kwako?"

Swali hilo lilitoka kwa Ernestine, jirani wa upande wa pili wa ua, ambaye Mungu alimpa moyo mwema na ulimi usiojua breki. Wala hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amekuja kuomba chumvi, akaona kamba za kuanikia nguo, akauliza.

Bernardine alikuwa ameinama kwenye mchanga wa Kalundu, Uvira, kando ya ziwa, anageuza ndagala zake, dagaa wa ziwa, juani. Mkono ukasimama. Basi akampa Ernestine chumvi, akampa na kopo zima, ili mradi aende upesi.

Kamba zile ndizo zilizomponza. Tangu mwanawe Mathieu alipomwoa Délice, binti wa Sange, kila mwezi wa kumi na mbili ulipofika, gunia la mchele lilishuka kutoka kwa wazazi wa Délice, Muzee Térence Niyonkuru na mkewe Apollinarie, wakulima wa uwanda wa Ruzizi. Gunia lilikuja limefungwa kwa kamba mpya, ndefu kupita haja yake, kamba ya kufungia ng'ombe. Bernardine alipiga simu akashukuru, akapika mchele, akawaombea watoaji kwa majina yao yote ya ubatizo, gunia akalitandika mlangoni watu wapangusie miguu, na kamba akaifunga kati ya papai na jiko. Miaka ikaenda, kamba zikazidi papai na jiko, hata nusu ya mtaa ikawa inaanika nguo kwa Bernardine. Ernestine mwenyewe alianika mashuka yake pale pale.

Kwa nini hakuwahi kwenda Sange kuwasalimu? Mwaka mmoja barabara ilikuwa mbaya. Mwaka mwingine ziwa lilipanda mpaka jikoni, sufuria zikaelea. Mwaka mwingine malaria. Hayo yote ni kweli, na Mungu ni shahidi. Lakini kweli iliyo chini ya hizo kweli ni kwamba aliwaogopa. Mukwe si mtu wa kumwendea hivi hivi. Na kila gunia lilipofika, hofu iliongezeka, kwa maana deni la asante huwa zito kuliko mchele wenyewe.

Usiku huo alipiga magoti akaongea na Mungu kama alivyozoea, bila kupandisha sauti, kama mtu anayeongea na jirani wa karibu. "Bwana, Ernestine amesema kweli, ingawa angeweza kuisema polepole. Mwaka huu nitakwenda. Na sitakwenda mikono mitupu."

Mathieu alikuwa Kalemie, anatengeneza mashine za boti. Délice ni muuguzi, na Noeli hiyo zamu ilimwangukia yeye. Basi safari ikawa ya Bernardine na wajukuu wake watatu: Naomie mkubwa, msichana anayejua kila kitu, Irankunda wa katikati, mvulana anayesema kila kitu, na Claudette mdogo, ambaye kazi yake duniani wakati huo ilikuwa kulala mgongoni na kuamka na njaa.

Zawadi haikuwa na mjadala. Ingekuwa Direkta.

Direkta alikuwa jogoo mwekundu, mkia mweusi, kifua mbele, mabawa ameyabana nyuma kama mkurugenzi wa shule anayekagua foleni asubuhi. Watoto ndio waliomwita hivyo. Aliyechelewa kumpa mahindi alidonolewa mguuni, na hakuna mzazi aliyesikilizwa. Bernardine alimlea tangu kifaranga, na moyo ulimuuma kumtoa. Ndiyo maana alijua ni zawadi ya kweli. Kando yake aliweka kikapu cha ndagala bora, zile ndogo zinazong'aa kama sindano, na chupa ya mawese.

"Mama," Délice alimwambia, "kwetu mzigo wa mugeni unapokelewa ku mulango. Mama wa nyumba ananyoosha mikono miwili. Kile unaweka mule mu mikono yake, ile ndiyo zawadi. Kile kinaingia nyuma, hakihesabiwi. Na zawadi ya mulango hairudi."

"Hairudi hata kama mutu amekosea?"

"Hairudi. Mujomba wangu aliwekaka kofia yake mu mikono ya mama, ili afunge kamba ya kiatu. Mpaka leo mama anaenda nayo ku shamba."

Siku zilizobaki Bernardine alifanya mazoezi na watoto. Naomie alijifunga shuka la kitanda, akawa Apollinarie, akasimama mlangoni amenyoosha mikono, uso mkali kama wa mtu wa duane anayedai ushuru mpakani. Bernardine alikuja kutoka jikoni ameshika sufuria badala ya jogoo, akainama, akaitia mikononi mwa mjukuu wake.

"Aksanti, mukwe," alisema Naomie. "Na hairudi."

"Hilo neno usiseme, Naomie."

"Lakini hairudi, Bibi."

Mambo ya moyo nayo hakuyasahau. Kila jioni, baada ya rozari, aliwakalisha mkekani akawauliza.

"Sikukuu ya Noeli ni ya nani?"

"Ya Yesu!"

"Basi nani anapewa wa kwanza?"

"Mwenye sikukuu!"

"Tunamupa nini?"

"Kile tunapenda!"

Alikuwa anawaza mambo madogo tu: kwamba mtoto aweke pipi yake moja kwenye pango la Mtoto Yesu kabla ya kutia ya pili mdomoni. Hakujua kwamba anapanda mbegu, na kwamba mbegu hiyo itachipua upesi kuliko mchicha.

Asubuhi ya Noeli waliondoka na taksi ya kwanza. Watoto wote watatu walivaa kitenge kimoja, maua makubwa ya njano, nguo ambazo Bernardine alizikata mwenyewe na kuziacha kubwa makusudi, wazikulie. Irankunda alizama ndani ya shati lake, akabaki macho na vidole. Dereva aliwatazama akasema, "Mama, umeleta batoto ao umeleta rido ya dirisha?"

"Nimeleta Noeli," akajibu Bernardine, akapanda na jogoo wake mapajani.

Mbele ya Kiliba, kijana wa kizuizi, anayeshusha kamba barabarani magari yapite, aliinamisha kichwa dirishani. "Bamama, Noeli yangu iko wapi?" Macho yake yalikuwa juu ya Direkta.

"Mwenye sikukuu anapewa wa kwanza!" Irankunda alifoka kutoka ndani ya shati. "Weye uko Yesu?"

Gari zima lilicheka, hata kijana mwenyewe. Bernardine alimpa mandazi, akambariki, kamba ikashuka. Moyo wake ulijaa furaha kwa jinsi watoto walivyoshika mafundisho. Laiti angelijua.

Walifika Sange kengele ya Misa inalia. Kwenda nyumbani kwa bamukwe saa hiyo kusingefaa. Wote walikuwa kanisani. Muzee Térence ni mshauri wa parokia, na benchi la mbele linaujua mgongo wake. Basi Bernardine alimfunga Direkta mguu kwenye baiskeli moja nje ya ukuta, akaweka kikapu, na chupa ya mawese ndani, kando yake, akafunika na kitambaa, akaingia na watoto. Claudette alikuwa amelala mgongoni, mdomo wazi.

Misa ilianza vizuri. Kwaya iliimba Kirundi na Kiswahili, ngoma zikajibu. Lakini msomaji aliposema, "Neno la Bwana," kabla waumini hawajajibu, Direkta alijibu.

Akajibu tena katikati ya mahubiri. Padri akatazama dirishani. "Kama Petro angekuwa hapa leo," alisema, "angelia mara ya pili."

Kanisa lilicheka. Bernardine alitaka benchi limmeze. Akawanong'oneza Naomie na Irankunda, "Endeni inje. Mumushike, mumunyamazishe. Musirudi mpaka nyimbo ianze."

Wakaenda. Na yaliyotokea kule nje Bernardine alikuja kuyasikia baadaye, kwa vipande. Mlangoni watu wa matoleo walikuwa wanajipanga: maboga, miganda ya mpunga, kuku, ndizi, na mbuzi mmoja asiyetaka habari ya wokovu. Mama mwenye utepe begani, mpangaji wa mstari, aliona watoto wawili wa kitenge kimoja, mmoja na jogoo kama mfalme, mmoja na kikapu kichwani. Kwake mambo yalikuwa wazi.

"Batoto ya matoleo! Juu ya nini munachelewa? Ingieni mu mustari!"

Naomie alimtazama Irankunda. "Bibi amesema tumushike tu."

"Lakini sikukuu ni ya nani?" aliuliza Irankunda.

Naomie, anayejua kila kitu, alijua jibu la swali hilo.

Bernardine alikuwa amefumba macho anasali wakati vigelegele vilipopanda. Alifumbua kwa hamu ya kuona uzuri wa zawadi za watu wa Sange. Akaona boga. Akaona mpunga. Akaona mbuzi anasukumwa. Kisha akaona maua makubwa ya njano, na juu ya maua, Direkta, kifua mbele, anapita kati ya kanisa kama mwenye parokia.

"Yesu wangu," alisema.

Alinyanyua mkono kumwashiria Naomie arudi. Naomie alimwona, akafurahi, akanyanyua jogoo juu zaidi. Bernardine akatikisa kichwa kwa nguvu. Mama wa pembeni alimtazama, akadhani Roho amemshukia.

"Cheza, mama, cheza! Usizuie furaha!"

"Hapana, ile jogoo..."

"Ndiyo, jogoo! Cheza!"

Wakamtoa benchini kwa mikono mingi yenye upendo. Akajikuta katikati ya njia, ngoma inapiga, Claudette mgongoni anaruka ruka usingizini, na mbele yake jogoo wake anazidi kwenda. Kukimbia kanisani haiwezekani. Kusimama, wa nyuma wanasukuma. Basi alicheza. Alicheza akimfuata Direkta kama mtu anayefuata kofia iliyochukuliwa na upepo, na vigelegele vikaongezeka, maana watu hawajawahi kuona mgeni anayetoa kwa moyo namna ile.

Padri alimpokea Direkta kwa mikono yake, akampa shemasi, akaweka kipaza sauti mbele ya Irankunda. "Watoto hawa wametoka wapi?"

"Uvira! Tumeleta jogoo ya bibi!"

"Na nani amewafundisha kutoa namna hii?"

"Bibi! Amesema mwenye sikukuu anapewa wa kwanza, na tunamupa kile tunapenda!"

Makofi yalitikisa mabati. Benchi la mbele Muzee Térence aligeuka, akamwona mukwe wake amesimama na jasho, akanyanyua kofia. Bernardine alitabasamu. Ndani ya tabasamu lile mlikuwa na kilio kizima.

Tumweleweni. Kilichokwisha kupewa Mungu hakiombwi tena. Na kumwambia mtu, "Ile iliyoko altareni ilikuwa yako," ni kumkosea yeye na kumkosea na Mungu. Alitoka Misa hana jogoo, hana kikapu, hana mawese, na njia ya kwenda kwa Apollinarie ni fupi.

Alitazama huku na huku kama kuna duka. Yote yalikuwa yamefungwa, isipokuwa moja lililouza misumari na viberiti. Bernardine, Mungu amsamehe, alisimama akaifikiria misumari.

"Bibi, umekasirika?" aliuliza Naomie.

"Sijakasirika. Mumetii. Lakini kule kwa bamukwe, juu ya jogoo, mutu asifungue kinywa. Irankunda, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Mutu asiseme Direkta alikuwa wa bamukwe."

"Sasa hapo umesema."

Walifika uani. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa upya, mashina ya migomba yamesimikwa pande zote za mlango kwa sikukuu. Na mlangoni amesimama Apollinarie mwenyewe, mwanamke mrefu, mweupe wa meno, na kichwani, ndiyo, kofia ya mjomba. Akanyoosha mikono miwili.

"Noheli nziza, mukwe wangu! Karibu! Karibu kwenu!"

Mikono ile ilikuwa wazi, mipana, inangoja. Bernardine aliitazama. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema. Lakini hawakusema mkono mtupu ufanye nini ukinyooshewa miwili. Aliinama kama alivyofanya mazoezi. Akanyoosha yake. Ndani hamna kitu. Akili ikatoka ikaenda kukaa Uvira, na mikono, ambayo ilikuwa imezoezwa wiki nzima kutia kitu, ikatafuta cha kutia. Ikafungua kitenge mgongoni. Ikamshusha Claudette, mzima mzima, na usingizi wake. Ikamweka mikononi mwa Apollinarie.

"Bibi," alisema Irankunda kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "umemupana Claudette!"

"Na hairudi," alisema Naomie.

Apollinarie alimtazama mtoto. Alimtazama Bernardine. Kisha alipiga kigelegele ambacho kuku wa jirani walikimbia. "Térence! Térence, kuya uone! Mukwe ametupana mutoto!"

Wakaja watu. Wakaja majirani, wakaja wapwa, akaja mzee mmoja asiyesikia, akaelezwa mara mbili. Kila mmoja alishika mkono wa Bernardine kwa mikono miwili akasema haijawahi kuonekana: asubuhi jogoo kwa Mungu, mchana mtoto kwa bamukwe. Moyo wa namna gani huo! Bernardine aliitikia, "Aksanti, aksanti," huku akihesabu namna atakavyomwambia Délice.

Wakamkalisha kwenye kiti chenye mto. Wakaleta mchele, maharage, mbuzi, mboga ya lengalenga, Fanta. Hakikupita kitu. Kila kijiko alichonyanyua kilionekana kina uso wa Délice. Moyoni alisali: "Bikira Maria, Mama yetu, wewe mtoto ulimpoteza katika safari ya sikukuu, kwa bahati mbaya, na siku ya tatu ulimpata. Mimi wangu nimemtoa kwa mikono yangu, mbele ya mashahidi, nikainama."

Uani Apollinarie alikuwa anazunguka na Claudette kiunoni, ameshaamka, ameshaoshwa, amepakwa mafuta anang'aa. "Hii iko zawadi yangu ya Noeli," alikuwa anamwambia kila aingiaye. Claudette alipewa nyama. Akapewa maziwa ya ng'ombe wa milimani Bijombo. Akaonyeshwa bata na watoto wake saba, akaambiwa wote ni wake.

Bernardine alingoja Apollinarie aingie jikoni, akamvuta mtoto kando. "Claudette, mama, kuya ku mugongo. Tutaenda."

"Hapana."

"Namna gani hapana?"

"Minye niko zawadi," alisema Claudette, mdomo umejaa nyama. "Zawadi hairudi."

Hapo Bernardine alikaa juu ya kinu. Naomie akaja akasimama mbele yake, midomo ameibana kwa nguvu ya siri. Irankunda akaja nyuma yake, na yeye siri ilikuwa imemjaa mpaka kwenye shati. Wakati huo huo Muzee Térence alipita na fimbo yake, akawaona wote watatu wanafanana na watu wa matanga.

"Mukwe, kuna nini? Chakula imekukatala?"

"Hakuna neno, Muzee. Chakula iko nzuri."

"Basi hii machozi?"

"Moshi."

"Jiko iko upande ule."

Ndipo Irankunda alipopasuka. "Direkta alikuwa wenu! Alikuwa wa ku mulango! Na ndagala, na mawese! Sisi ndiyo tulimupana Yesu, na Bibi alibakia na mikono bure, basi akatia Claudette!"

Térence alimsikiliza mpaka mwisho. Akaegemea fimbo. Kicheko kilianza mbali, tumboni, kikapanda kama mashine ya boti isiyotaka kuwaka, kikawaka. Kofia ikaanguka, hakuiokota. Apollinarie akatoka jikoni mwiko mkononi, akaelezwa, akakaa chini pale pale mavumbini na nguo zake za Misa.

"Kumbe... kumbe kosa!" alisema akifuta macho.

"Kosa, Mama Délice," alisema Bernardine kwa sauti ndogo. "Lakini nimeweka. Sikatai. Nilitaka mwaka huu na ninyi mukule kitu yangu. Kila Noeli ninakula mchele yenu, na minye hata siku moja..."

"Mukwe." Apollinarie aliacha kucheka. "Zile gunia, ulizipelekaka wapi?"

"Ziko ku mulango. Tunapangusia miguu."

"Na kamba?"

Bernardine alikumbuka mashuka ya Ernestine. "Tunaanikia nguo."

"Kila mwaka!" Apollinarie alimgeukia mumewe. "Umesikia? Kila mwaka nafunga gunia na kamba ndefu, ya bei, nasema: hii sasa watairudisha. Huku kwetu, mukwe, gunia ikikuja na kamba yake, maana ni kusema irudishwe. Na mwenye kuirudisha ndiye mugeni, analala, anakula, watoto wanatuzoea. Mwaka wa kwanza sikuona mutu. Nikasema labda kamba ilikuwa fupi. Nikaongeza. Mwaka wa pili, nikaongeza. Térence alisema, sasa utafunga na kamba ya kuvutia boti!"

"Délice hakuniambia!"

"Délice atamwambia mama mukwe wake arudishe magunia? Nilimulea vizuri kuliko vile."

Miaka yote Bernardine alidhani mchele ulikuwa unamwambia, lipa. Kumbe ulikuwa unasema, njoo. Na yeye alikuwa ameitundika sauti hiyo kati ya papai na jiko, akaanikia soksi.

Térence alitoa simu akampigia Délice kituoni, akaweka sauti wazi. Alimweleza yote, jogoo, ngoma, mlango, mtoto. Bernardine alishika rozari mfukoni. Halafu simu ilicheka. Ilicheka mpaka zikasikika sauti za wagonjwa zinauliza kuna nini.

"Mama Mathieu," Délice alisema alipopata pumzi, "unakumbuka kofia ya mujomba?"

"Naiona hapa."

"Basi. Claudette anakula?"

"Iko na nyama mukono wa kuume na nyama mukono wa kushoto."

"Basi akae kidogo. Lakini nguo yake ingine haiko, na ile ya maua ataikanyaga."

"Tutaikata," alisema Apollinarie.

"Musiikate!" alisema Bernardine. "Ataikulia."

Sasa chakula kilipita. Alikula mchele, akaongeza, akala na ule wa Irankunda. Mbali, upande wa parokia, jogoo mmoja aliwika kwa sauti ya kukagua foleni, na watoto wote wakasimama wakapunga mikono.

Jua lilipoanza kuelekea milima ya Uvira, taksi ya kurudi ikaja. Bernardine alimbusu Claudette, ambaye alikuwa na kifaranga cha bata kila mkono na hakuwa na nafasi ya kuaga. Kisha akageuka akaona vijana wawili wanatoka ghalani na gunia, na Apollinarie nyuma yao na kamba mpya, ndefu kuliko zote.

Bernardine aliyaogopa maneno yake mwenyewe maisha yake yote. Lakini siku hiyo alikuwa amecheza mbele ya parokia nzima akimfuata jogoo. Hofu iliyobaki ilikuwa ndogo. Akamshika mukwe wake mikono yote miwili, ile iliyonyooshwa mlangoni, akasema:

"Mama Délice, mutoto ni wenu mpaka Mwaka Mpya. Ninaomba kitu kimoja: mumulete ninyi wenyewe, weye na Muzee, mukae kwangu, mukule samaki yangu, na mchele musibebe."